Maswali na majibu: filamu ya 110 imepitwa, lenzi zake bado zinaweza kazi

Barua nyingi safari hii zinahusu Pentax Auto 110, kamera ndogo ya mwaka 1978 inayotumia filamu ya 110, filamu ndogo ya kasha, na iliyotengenezewa lenzi za kubadilishana. Nimeanza na hizo, kisha nikaongeza moja kuhusu filamu ya APS, aina nyingine ya filamu ya kasha, na moja kuhusu kuvu.

Babu aliniachia Auto 110 na lenzi tatu: milimita 18, 24 na 50. Filamu yake ni shida kuipata. Lenzi hizi zitafungika kwenye kamera ya kidijitali, au niziweke kabatini ziwe pambo?

Zitafungika, tena vizuri. Kuziweka pambo ni kuzionea.

Kodak ilileta filamu ya 110 mwaka 1972, na kila fremu yake ilikuwa milimita 13 kwa 17. Sasa tazama kihisi, yaani kipande kinachopokea picha badala ya filamu, cha kamera za kidijitali za Micro Four Thirds, mfumo uliotangazwa mwaka 2008: milimita 13 kwa 17.3. Lenzi yako ilichongwa ili imwage duara la picha linaloenea fremu ya ukubwa huo, kwa hiyo kihisi hicho kinajaa hadi pembeni. Jambo linalonifurahisha zaidi ni kwamba kila lenzi inabaki na kazi yake ileile. Ya 24 iliyokuwa ya kawaida kwenye 110 ni ya kawaida hapa pia, ya 18 inapanua uwanja, na ya 50 inavuta vitu karibu. Hii ya 50 ndiyo ningeanza nayo kupiga sura za watu.

Kuna sharti la pili, nalo ni umbali. Kila lenzi imepimiwa nafasi maalumu kati yake na filamu. Ukiisogeza mbele kupita hapo, milima na majengo ya mbali hayataonekana wazi kamwe. Auto 110 ina kioo cha kuakisi ndani, kwa hiyo lenzi zake zilikaa mbali kidogo na filamu ili kioo kipate pa kuinukia. Kamera za Micro Four Thirds hazina kioo, na kutoka mahali lenzi inapofungwa hadi kihisi ni milimita 19.25 tu. Nafasi inayobaki ndiyo inayozibwa na adapta, kipande cha kuunganisha lenzi na kamera. Adapta yenyewe ni bomba tupu, halina kioo cha lenzi wala umeme, basi usikubali kuuziwa yenye kioo cha lenzi ndani.

Kama kamera yako ya kidijitali ni ile ya zamani yenye kioo cha kuakisi, hapo hakuna njia. Canon EF inataka milimita 44 na Nikon F 46.5, kwa hiyo lenzi ya 110 ingelazimika kuzama ndani ya mwili wa kamera.

Nimeshanunua adapta. Ndani ya nyumba picha ni nzuri, lakini juani zinaungua, nyeupe tupu. Nimezunguka lenzi nzima natafuta pete ya kubana tundu, siioni.

Huioni kwa sababu haipo. Pentax waliweka shata, pazia linalofunguka na kufungika unapopiga, na tundu la mwanga pamoja ndani ya mwili wa kamera, nyuma tu ya lenzi. Ndiyo maana lenzi zote za mfumo huo ni f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana). Ukiitoa lenzi kwenye kamera yake, umeacha tundu nyuma, na lenzi inabaki wazi muda wote.

Piga hesabu uone. Kwenye jua kali, kwa ISO 200 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kihisi kupokea mwanga), f/16 huhitaji kasi ya shata ya 1/200 ya sekunde. Kwa f/2.8 mwanga unaoingia ni mara 32, kwa hiyo unahitaji 1/6400. Shata za kawaida nyingi zinaishia 1/4000. Kwanza shusha ISO hadi 100 kama kamera inaruhusu, ubaki na 1/3200. Njia ya pili ni shata ya kielektroniki, ambayo kwenye baadhi ya kamera hufika 1/16000, ila hupindisha vitu vinavyokwenda mbio. Ya tatu ni kichujio cheusi cha kupunguza mwanga mara nane.

Zote hizo zinatibu mwangaza tu. Hazikupi picha iliyo kali kuanzia karibu hadi mbali. Kwa hilo unahitaji tundu dogo kweli, na hapa muundo wa Pentax unakusaidia: kwa kuwa tundu la asili lilikaa nyuma ya lenzi, unaweza kuweka lako palepale. Kata kiduara cha karatasi ngumu nyeusi isiyong'aa, kitoboe katikati kwa kitoboleo chenye makali ili ukingo uwe safi, kisha kikaze ndani ya adapta, karibu na mgongo wa lenzi kadiri inavyowezekana. Kikikaa mbali, pembe za picha zitakuwa nyeusi. Ukipunguza upana wa tundu kwa nusu, mwanga unashuka hadi robo. Acha kamera ipime yenyewe, nawe tengeneza viduara viwili au vitatu vya upana tofauti. Hakikisha tu kimekaza, maana nyuma yake kuna kihisi. Zipo pia adapta zenye tundu la kubana ndani yake. Ukiipata, karatasi huihitaji.

Kamera inaniambia hakuna lenzi na inagoma kupiga.

Ingia kwenye menyu, ruhusu kupiga bila lenzi, kisha tumia modi ya A (kamera inachagua kasi) au M (unachagua mwenyewe). Kama kamera ina kitulizaji cha mtikisiko, iandikie milimita za lenzi, na ubadilishe kila unapobadilisha lenzi.

Nina kamera ya fremu kamili. Je, lenzi za 110 zitafaa?

Fremu kamili ni milimita 36 kwa 24, na duara la 110 halifiki huko. Utapata picha ya mviringo katikati ya giza. Washa modi ya kukata fremu ndani ya kamera, kisha kata zaidi baadaye. Lenzi ndefu kwa kawaida humwaga duara pana kuliko fupi, kwa hiyo jaribu na ya 50 kabla ya ile ya 18.

Na lenzi za filamu ya APS?

Inategemea mtengenezaji. Canon EOS IX ilitumia lenzi za kawaida za EF, kwa hiyo hizo hazina tatizo. Nikon waliunda IX-Nikkor, ambazo mgongo wake umechomoza na zingegonga kioo cha kamera nyingine za Nikon. Minolta Vectis ndiyo nisiyokushauri: fokasi na tundu vyote vinaendeshwa kwa umeme, na bila mwili wake huna cha kuzungusha.

Nimemulika tochi kwenye lenzi nikaona nyuzi kama utando wa buibui. Niitupe?

Usiitupe. Hiyo ni kuvu, inaota penye unyevu na giza. Ikiwa kidogo, hutaiona kwenye picha ila pale jua linapoingia mbele ya lenzi, ndipo rangi zinapofifia. Ikishakula utando uliopakwa juu ya kioo, alama haitoki hata ikisafishwa. Itenge na lenzi nyingine, iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, na kazi ya kuifungua mwachie fundi mwenye funguo zake, kwa sababu pete za lenzi ndogo hivi zinachubuka upesi.