Ya kale ni dhahabu, lakini imulike tochi kwanza

Lenzi yangu ya kwanza ya zamani, ya kuzungusha fokasi (ukali wa picha) kwa mkono, niliitoa kwenye kopo la biskuti, uvunguni mwa kitanda cha mjomba, Ngamiani, hapa Tanga. Mjomba alisoma Ujerumani Mashariki miaka ya 1980 akarudi na Praktica, kamera ya filamu iliyotengenezwa Dresden, ikiwa na lenzi ya Pentacon ya milimita 50, f/1.8 (hiyo f ni kipimo cha tundu la kupitishia mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kamera yenyewe ilishakufa, pazia limeganda. Lenzi ilikuwa nzima, au ndivyo nilivyodhani.

"Chukua, mwanangu," aliniambia. "Mimi hata gazeti silioni vizuri siku hizi."

Wakati huo nilikuwa na Sony A6000 ya mtumba na lenzi ile ndogo inayokuja na kamera, na pesa ya kununua nyingine sikuwa nayo. Adapta, kile kiunganishi cha kufungia lenzi ya zamani kwenye kamera mpya, niliagiza kwa elfu thelathini. Tangu siku hiyo nimekusanya lenzi tano za namna hii, nimenunua adapta mbili za kutupa, na nimeharibu picha za harusi ya watu. Kwa hiyo nikikupa ushauri hapa, ujue sehemu kubwa nimeulipia.

Swali ninaloulizwa kila ninaposhika kamera pale Raskazone ni hili: adapta inafanya nini hasa? Haifanyi chochote, ni hewa. Kila aina ya kamera ina umbali wake maalumu, kutoka pale lenzi inapokaa mpaka kwenye filamu au sensa, kile kibamba kinachopokea picha kwenye kamera ya dijitali. Kamera za zamani kama ya mjomba zina kioo ndani kinachopinduka kila unapopiga, na kioo kile kinahitaji nafasi. Lenzi za M42, yaani zenye hesi ya kipenyo cha milimita 42 kama ile ya mjomba, zilitengenezwa zikae milimita 45.46 mbele ya filamu. Hizi kamera mpya zisizo na kioo zimebana umbali huo sana: Sony ni milimita 18, Nikon Z 16, Canon RF 20. Toa 18 kwenye 45.46, unabaki na 27.46. Basi adapta ya M42 kwenda Sony ni bomba la chuma la unene huo, upande mmoja hesi, upande mwingine meno ya Sony. Haina kioo wala umeme, ndiyo maana bei yake ni ndogo.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayokataa upande mwingine. Rafiki yangu ana Nikon ya kioo, ile ya kizamani kidogo, akaona wivu akanunua adapta ya M42 naye. Kamera yake inataka milimita 46.5. Lenzi ilishakuwa mbali na sensa kupita inavyopaswa kabla hata adapta haijawekwa. Anapiga kope za mtu zinatoka safi, akielekeza mbali, Kisiwa cha Toten kule baharini, kinakuwa maziwa. Zipo adapta zenye kigae cha kioo ndani cha kurekebisha hilo, lakini nilizojaribu zilinila ukali wa picha na sizipendekezi.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo makala za wenzetu wa nchi zenye ukavu na baridi hulipitia kwa mstari mmoja, na kwetu sisi wa mwambao ndilo la kwanza: kuvu. Tanga ni joto, chumvi na unyevu mwaka mzima. Lenzi iliyokaa miaka thelathini ndani ya mkoba wa ngozi, kabatini, imeota kitu ndani yake, usiniambie haikuota. Ngozi yenyewe inashika unyevu, kwa hiyo ule mkoba mzuri wenye harufu ya zamani ndio adui.

Namna ya kukagua ni rahisi. Fungua tundu la lenzi lote, washa tochi ya simu, imulike kwa nyuma, wewe tazama kwa mbele huku unaigeuza taratibu. Vumbi utaliona, na vumbi halina neno, hata likiwa jingi kiasi cha kukutia aibu. Unachokitafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinazoanzia ukingoni kuja katikati, au ukungu mweupe uliotanda kama pumzi kwenye kioo cha dirisha. Kama muuzaji yuko mbali, mwambie akutumie video akiwa anamulika. Picha za kawaida hazionyeshi kitu. Mimi niliwahi kutumiwa picha za Helios 44-2, lenzi ya zamani ya Kisovieti, inayong'aa kama imetoka kiwandani jana, ilipofika nikaimulika nikaona msitu. Muuzaji akasema hizo ni nyuzi za kitambaa. Sawa.

Lenzi ya mjomba nayo ilikuwa na nyuzi, pembeni, kipande kama robo ya duara. Nilimpelekea mzee mmoja fundi saa mjini, kwa sababu vifaa vya fundi saa ndivyo vinavyofungua lenzi: bisibisi ndogo na mkono usiotetemeka. Alinikalisha kwenye kigoda nimshikie taa, akafungua kwa nyuma, akasafisha kioo kimoja, akaniambia neno moja tu: "Imekula." Maana yake kuvu ilishang'ata ile rangi ya juu ya kioo inayozuia mwako, na alama haitoki tena. Leo nikipiga jua likiwa nyuma yangu huoni kasoro. Nikipiga jua likiwa mbele, upande ule wa picha unapauka. Nimeshazoea, na kusema kweli mashua za jioni zinapendeza hivyo hivyo.

Baada ya hapo nilinunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na lenzi zote zinalala humo pamoja na punje za silika. Zile pakiti ndogo za kwenye maboksi ya viatu zinafaa, ila chache hazitoshi, kusanya mpaka muuza viatu akujue kwa jina. Zikishiba unyevu zimwage kutoka kwenye pakiti, zipashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, zinarudi kazini. Mchele usiweke. Unga wake utauona kwenye tochi.

Kosa la pili nililofanya lilikuwa la pini. Geuza lenzi ya M42 utazame nyuma: nyingi zina kipini kidogo cha chuma kinachobonyea. Kwenye kamera yake ya asili, ukibonyeza kupiga, kamera inasukuma kipini na tundu linafunga hadi namba uliyochagua. Kisipobonyezwa, tundu linabaki wazi daima, hata ukizungusha pete mpaka f/16. Lenzi nyingine zina swichi pembeni yenye herufi A na M, unaweka M yanaisha. Ya mjomba haina swichi. Mimi nikashinda siku nzima pale Urithi, lile boma la zamani la Wajerumani, nikipiga "f/8" na kushangaa kwa nini nguzo za nyuma hazitoki safi, kumbe tundu liko wazi. Unatakiwa kununua adapta yenye ukingo wa ndani unaokandamiza kipini chenyewe unapoikaza. Angalia picha ya bidhaa kwa ndani kabla hujalipa. Helios 44-2 haina shida hiyo kwa kuwa haina kipini, ina pete mbili, moja ya kuweka namba na moja ya kufunga.

Kwa lenzi zisizo na pete ya tundu kabisa, kama za Canon EF na zile za Nikon za G, bomba tupu halitakusaidia. Canon EF inataka adapta yenye umeme, na hiyo ni bei nyingine. Lenzi za zamani za Canon FD ni nzuri na mara nyingi hazina bei kubwa, ila adapta yake lazima iwe na pete ya kuifungulia lenzi, vinginevyo itakugomea kama pini ya mjomba.

Ukishafunga, kamera itakataa kupiga. Usiogope, inadhani haina lenzi. Ingia kwenye menyu utafute sehemu ya kuruhusu shata (pazia la kupigia picha) bila lenzi, washa. Humo humo washa rangi za kuonyesha fokasi, zinazowaka pale picha ilipo kali, mimi napenda nyekundu, na uchague kitufe kimoja cha kukuza picha. Kama kamera yako ina utulizaji wa mtikisiko ndani ya mwili wake, iambie urefu wa lenzi kwa mkono, mfano milimita 50, kwa sababu lenzi haiwezi kujitambulisha. A6000 haina utulizaji huo, na kwenye sensa yake ndogo lenzi ya 50 inakata picha kama ya 75, hivyo chini ya 1/125 ya sekunde sishuki nikiwa nimeshika mkononi.

Zile rangi nyekundu zinadanganya. Ukiwa f/1.8 zitakuwakia jicho, pua na sikio kwa pamoja, na wewe utaamini. Kuza, tazama kope, piga. Polepole.

Neno hilo "polepole" ndilo lililoniponza kwenye harusi. Nilikwenda na lenzi ya mjomba peke yake, ujana na kujionyesha. Kumpamba bi harusi chumbani nilipata picha ambazo mpaka leo naziweka mbele nikitafuta kazi: mwanga wa dirisha, hina, ile rangi ya joto ya lenzi ya zamani. Halafu ukumbini milango ikafunguliwa, taarabu ikapanda, bi harusi akaanza kuingia. Mtu anayekujia hatua kwa hatua, wewe unazungusha pete, yeye ameshapita pale ulipofikia. Picha kumi na nane, zilizosimama vizuri mbili, na katika mojawapo shangazi wa bwana harusi ndiye aliyekuwa kwenye fokasi. Nilirudisha nusu ya malipo na mama mwenye shughuli mpaka leo tukikutana sokoni ananisalimia kwa kifupi. Kwenye kazi ya kulipwa, jambo lisilorudiwa lipige na lenzi inayojitafutia fokasi. Ya zamani ibaki ya pembeni.

Mchana wa Tanga nao una mambo yake. Saa saba, jua la utosini, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) ikiwa 100, ukitaka f/1.8 hesabu inadai shata karibu 1/8000. A6000 inaishia 1/4000. Ama unafunga mpaka f/2.8 ama unavaa kichujio cheusi mbele, na lenzi ya mjomba inachukua cha milimita 49. Mimi nafunga tu. Wanaosema lenzi ya zamani ni lazima ipigwe ikiwa wazi kabisa hawajafika Deep Sea, soko letu la samaki, saa ya mnada.

Pale Deep Sea ndipo nilipojifunza raha ya kweli ya hizi lenzi, nayo iko kwenye zile namba zilizochongwa juu yake ambazo lenzi mpya nyingi hazina. Naweka f/8, naweka umbali mita 3, basi, pete siigusi tena. Kila kilicho kati ya mita mbili na nusu na kama mita tatu na nusu hivi kiko sawa. Mwenye baiskeli ya samaki akipita kwenye nafasi hiyo nimempata, haraka kuliko kamera yoyote inayotafuta fokasi yenyewe. Angalizo moja: ile mistari ya kando ya namba za umbali, inayoonyesha picha itakuwa safi kuanzia wapi mpaka wapi, ilipimwa kwa filamu, na sensa ndogo inadai zaidi. Ukipiga f/8, soma mistari ya 5.6. Na omba ruhusa. Wavuvi wetu si mapambo.

Adapta yenyewe ikague kwa mambo mawili. Ikaze, kisha itikise: lenzi ikichezacheza, irudishe. Halafu chungulia ndani. Za bei ndogo hupakwa rangi nyeusi inayong'aa, na mwanga ukiruka kwenye kuta zile picha inapauka kama iliyofuliwa. Yangu niliitibu kwa kipande cha velveti nyeusi nilichoomba kwa fundi cherehani, nikakigandisha kwa ndani kuzunguka. Picha za makaburi ya Tongoni, matumbawe dhidi ya anga jeupe, zilibadilika siku hiyo hiyo.

Ukipata pesa nunua adapta moja kwa kila lenzi na uziache zimefungwa humo humo, kwa sababu kuhangaika na hesi ufukweni wakati kaskazi inavuma ni kualika mchanga kwenye sensa.

Mwezi uliopita nilimpelekea mjomba kamera aione. Nilimwamkia, akaitikia huku ameshanyoosha mikono. Nikaanza kumweleza habari za rangi nyekundu na kitufe cha kukuza, hakunisikiliza. Mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe chini ya lenzi, kidole gumba na cha shahada vikaishika pete, akaileta kamera usoni, akazungusha mara moja mbele, kidogo nyuma, akapiga. Ni picha ya mlango wa jikoni. Niliikuza kwenye kompyuta nilipofika nyumbani: fokasi imekaa kwenye kitasa.