Katuni za historia ya kweli: mie nnaanza na Abina

Waalaykum salaam. Ndugu yetu ameuliza kama kuna katuni zinazosimulia mambo yaliyotokea kweli, kwa ajili ya mpwa wake wa kidato cha pili asiyetaka kugusa kitabu cha historia. Mwengine kamjibu kuwa katuni ni za watoto. Mie nimesomesha historia hapa Wete miaka mingi, na jibu hilo silikubali. Sisi tuliokua na gazeti la Sani, na Lodi Lofa na Ndumilakuwili, tumezowea katuni ya kuchekesha tu, lakini zipo za namna nyengine.

Mpe kwanza Abina and the Important Men, cha Trevor Getz, michoro ya Liz Clarke. Ni kesi ya mwaka 1876 huko Cape Coast, Ghana ya leo. Abina Mansah alitoroka kwa bwana aliyemnunua akaenda kumshitaki kwenye mahakama ya Waingereza, kwa kuwa utumwa ulishapigwa marufuku huko tangu 1874. Alipofika, mzigo wote ukamwangukia yeye: athibitishe kuwa alikuwa mtumwa khasa, na si mtumishi wa nyumbani. Akashindwa.

Nilikisoma na binti yangu barazani baada ya alasiri, mie nikimfasiria Kiingereza. Katikati akanizuia: "Baba, huyu mchoraji kayajuaje maneno ya Abina?" Nikamfungulia nyuma ya kitabu. Kumbukumbu yenyewe ya mahakama imechapishwa humo. Jioni ile hatukuendelea mbele. Alikaa akilinganisha, hili limo kwenye kumbukumbu, hili mchoraji kalijaza. Miaka yote darasani sijapata kumfikisha mwanafunzi hapo kwa upesi ule.

Na kwetu kisa hiki hakiko mbali. Tunakariri kuwa soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, tukapita. Amri ya 1897 iliyofuta utumwa Unguja na Pemba haikumwacha huru mtu papo hapo. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuudai uhuru wake, na masuria hawakuingizwa mpaka 1909. Ukishamsoma Abina, unamwona mtu wa shamba la karafuu akitoka kwa miguu kwenda kusimama mbele ya hakimu.

Cha pili ni Maus cha Art Spiegelman. Baba yake, Vladek, alinusurika Auschwitz, kambi ya Wanazi ya kuwaulia Wayahudi. Wayahudi wamechorwa panya, Wajerumani paka. Ninachokipendea ni kuwa mwandishi amejichora na yeye, amekaa na mzee wake anamrikodi, wanagombana, mzee anarudi kwenye kisa. Unaona historia inavyotoka mdomoni mwa mtu aliyechoka. Ni kizito lakini. Kidato cha pili asikisome peke yake.

Akipenda siasa, March ina juzuu tatu za maisha ya John Lewis, mpigania haki za Wamarekani weusi, aliyepigwa na polisi kwenye daraja la Selma, Marekani, mwezi Machi 1965. Persepolis cha Marjane Satrapi ni utoto wake Iran wakati wa mapinduzi ya 1979, na kwa msichana ndicho kinachosomeka upesi kuliko vyote. Palestine, katuni ya Joe Sacco, mngojee mpwa wako akue kidogo.

Vyote nilivyovisoma ni vya Kiingereza, kwa hiyo usimtupie kitabu ukaondoka. Kaa naye, soma naye kurasa kumi kumi.

Binti yangu sasa anachora kisa cha Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alivyoondoka Unguja 1866, kutokana na kumbukumbu alizozichapisha mwenyewe Ujerumani 1886. Amekwama kwenye meli. Ilikuwa manowari ya Waingereza, Highflyer, na hataki kuibuni. Mwenye picha yake naomba aiweke hapa.