Uyoga wa meno wa New Forest: Hericium erinaceus au Hericium coralloides?

Swali: Ninaishi Southampton, Uingereza. Katika msitu wa New Forest nimeona, kwenye mti mkubwa wa Fagus (uitwao "beech" kwa Kiingereza), uyoga mweupe wenye miiba inayoning'inia. Je, ni Hericium erinaceus au Hericium coralloides? Mama yangu amekuwa msahaulifu, nami nimeambiwa kwamba uyoga wa mwituni una nguvu kuliko wa dukani.

Jibu: Ndugu msomaji, tazama miiba inapoanzia. Hericium erinaceus ni donge moja lisilo na matawi, na miiba yake inaweza kufikia sentimita 5. Hericium coralloides hugawanyika matawi mengi, yenye miiba ya takriban sentimita 1 upande wa chini. Ukiwa mchanga, huu wa pili hudanganya kwa kuwa matawi hayajajitokeza, na hapo hadubini ndiyo huamua, maana spora zake, yaani chembe zake za uzazi, ni ndogo zaidi.

Kinachonisikitisha ni hilo la dawa. Kemikali ziitwazo herisenoni na erinasini, zilizopatikana katika Hericium erinaceus, huchochea, katika majaribio ya maabara, utengenezaji wa protini inayokuza neva, lakini majaribio kwa binadamu ni machache na madogo, wala hakuna lililothibitisha kwamba uyoga huu unatibu usahaulifu wa uzeeni. Anayekuuzia unga wake kwa ahadi hiyo anamchelewesha mama yako kufika kwa daktari, ilhali usahaulifu huweza kusababishwa na upungufu wa vitamini B12, ambao unatibika. Hayo ya nguvu za mwituni ni maneno ya wauzaji tu.

Tena, Hericium erinaceus unalindwa na sheria ya wanyamapori ya Uingereza ya mwaka 1981: kuuchuma mwituni kwa makusudi ni kosa. Wengi hunijibu kwamba uyoga unaolimwa kwa wingi China hauwezi kuwa hatarini. Kilimo hicho hutumia vumbi la mbao, wala hakiongezi hata mti mmoja mzee wenye kiini kinachooza ambamo uyoga huu huishi mwituni, mti ambao wasimamizi wengi huukata wakihofia usalama wa wapita njia. Hericium coralloides haumo katika orodha ya sheria hiyo, lakini nao hupoteza makazi kila magogo ya Fagus yanapozolewa kwa kisingizio cha usafi. Na wapo wanaopigilia kwenye miti ya msituni vijiti vyenye mbegu ya uyoga wa dukani, wakidhani wanauokoa. Hao huingiza ukoo wa kigeni ndani ya miti ileile michache ambayo uyoga wa asili unaitegemea.