Barua kwa mwanangu: kuhusu kiti cha kocha

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifika. Unaniuliza: ukiacha kupigana mieleka ukawa kocha chuoni, utakuwa umekiri kwamba ubingwa umekushinda? Hapana, mwanangu. Hilo liondoe moyoni.

Mkumbuke Dan Gable, yule Mmarekani uliyebandika picha yake juu ya kitanda chako. Alipokuwa akisoma Iowa State alishinda mapambano 117 akapoteza moja tu, nalo lilikuwa la mwisho, fainali ya ubingwa wa vyuo vya Marekani ya mwaka 1970. Larry Owings alimpokonya ushindi pambano likikaribia kwisha, pointi 13 kwa 11. Mwaka 1972, huko Munich, Gable akatwaa dhahabu ya Olimpiki bila kumpa mpinzani hata pointi moja, na goti lake lilikuwa bovu.

Alikuwa na miaka 23. Bado angeweza kupigana, lakini akaenda Chuo Kikuu cha Iowa, mahasimu wa chuo alichosoma, kuwa kocha msaidizi. Bingwa wa dunia na Olimpiki, msaidizi! Ukocha mkuu aliupata mwaka 1976, akakaa misimu 21, mataji ya taifa 15, tisa kati yake mfululizo.

Lakini usikubali kazi kwa ajili ya mataji. Siku ulipopoteza fainali yako nilikaa safu ya mbele, na sikukutazama wewe peke yako. Nilimtazama kocha wako. Ulipokamatwa mguu, bega lake lilishtuka kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa, na hakuweza kukugusa. Ulipotoka, hakusema neno. Alipiga magoti akakufungua kamba za viatu, kwa sababu vidole vyako vilikuwa vinatetemeka. Mimi mama yako nililia pale, si kwa sababu umeshindwa.

Kwa hiyo jiulize hili: kijana akimwangusha mtu kwa mbinu uliyomfundisha wewe, na jina lako lisitajwe, utafurahi kweli? Ukihisi wivu, pigana mwaka mmoja zaidi, hakuna aibu. Ukihisi furaha, nenda, na uombe kuanza kama msaidizi.

Na goti lako likaonwe na daktari kabla hujasaini mkataba wowote. Kocha naye hushinda kutwa mkekani akiwaonyesha vijana.

Mama yako