Biti Ndefu za Kutobolea Ukuta: Maswali ya Wasomaji

Fundi, nakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Nataka kupitisha waya wa stima kutoka ukumbini hadi chumba cha nyuma. Ukuta ni wa zamani, karibu nusu mita, na biti niliyonunua haifiki hata katikati. Nitafute ya urefu gani?

Tafuta biti ya milimita 600 ya SDS Plus, yaani ile yenye shina la kuchomeka kwenye drili ya nyundo. Wengi hununua ya 460 wakidhani itatosha, kumbe urefu ulioandikwa unahesabu na shina linaloingia kwenye mashine. Ya 460 hutoboa 400 tu, ya 600 hutoboa kama 550, na ya mita moja hutoboa 950. Kwa hivyo upime ukuta kwanza, pale mlangoni au dirishani unapoonekana unene wake wote, pamoja na lipu ya pande zote mbili.

Kazi yenyewe yataka subira. Ukuta wa Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe lile ni laini, lina vishimo ndani, na lipu ya chokaa ukiipiga nyundo hubanduka mapande mapande. Weka drili kwenye kuzunguka tu, bila nyundo. Anza na biti fupi ya unene uleule mpaka tundu lishike njia, ndipo uingize ile ndefu. Ichomoe kila baada ya muda mfupi vumbi litoke, la sivyo itanasa. Zikibaki sentimita chache, simama umalizie upande wa pili. Ukilazimisha itoke yenyewe, itapasua lipu ya upande ule kwa upana wa sahani.

Na tafadhali, miimo ya milango ya nakshi isiguswe. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, basi ukuta unaotazama barabara usiutoboe kabla ya kuuliza ofisi ya hifadhi ya Makumbusho ya Taifa.

Mimi ni fundi Likoni. Mchomeleaji asema atanirefushia biti kwa kuunga kipande cha nondo. Yafaa?

Haifai, ndugu yangu. Moto wa kuchomelea huharibu ugumu wa chuma, na kiungo kikipinda nywele moja tu, ncha huko mbele itayumba vibaya. Ikinasa ukutani, mashine ndiyo itakayozunguka, pamoja na kifundo cha mkono wako. Kazi ikiwa ya siku moja, kodisha biti au uazime kwa fundi mwenzako.

Ukienda kununua, iviringishe juu ya kioo cha kaunta: iliyopinda utaiona ikirukaruka. Tazama ncha ya kabidi, kile kipande kigumu cha mbele kinachokata, kama imeshika vizuri bila ufa. Kisha pima shina. La milimita 10 ni SDS Plus, la 18 ni SDS Max, na haziingiliani.

Nimeona mtandaoni biti ndefu inayopinda, waya hufungwa kwenye ncha ukavutwa. Naweza kuitumia nyumbani kwangu Nyali?

Hiyo imetengenezewa nyumba za Marekani, ambazo kuta zake ni fremu za mbao zenye uwazi ndani. Yaweza kukusaidia kwenye kizigeu cha jipsamu au juu ya dari ya mbao. Kwenye tofali au jiwe, usipoteze pesa zako.

Nilitoboa ukuta kupeleka waya wa taa ya lango, Bamburi. Mvua ikinyesha maji yaingia ndani.

Tundu limelala sawasawa au limeinamia ndani. Litoboe tena likiinamia nje kidogo, upitishe paipu ya plastiki, kisha uzibe kingo kwa silikoni.

Mimi ni mpangaji Majengo. Naogopa fundi atatoboa waya uliofichwa ukutani.

Unaogopa kwa haki, dada. Kwa kawaida waya hupanda au hushuka wima, au hulala sawa, kutoka kwenye swichi na soketi, kwa hivyo njia hizo ziepukwe. Swichi kuu izimwe, kisha fundi ahakikishe kwa testa ambayo kwanza ameijaribu penye stima, ajue kwamba inafanya kazi. Atumie drili ya betri, au avute waya wa ekstensheni kutoka kwa jirani. Akikuambia kuzima ni kupoteza wakati, mwambie afungashe vifaa vyake. Tena kabla hajaanza muulize leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi nchini Kenya, akuonyeshe. Fundi aliye nayo hatachukia kuulizwa.