Kuambua uso kabla ya harusi

SWALI: Asalaam alaykum. Naolewa baada ya wiki tano. Chunusi zimeniachia madoa meusi mashavuni, na saluni wanataka kuniambua uso kwa asidi siku tatu kabla ya harusi. Nikubali? – Biharusi mtarajiwa, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam. Siku tatu, hapana. Ngozi huweza kubanduka wiki nzima, na poda haikai juu ya magamba. Ukitaka, fanya sasa, mara moja tu, kwa daktari wa ngozi: asidi ya glaikoliki ya asilimia 20 hadi 30, dakika moja au mbili, kisha izimuliwe kwa maji ya bikaboneti. Mwasho kidogo ni kawaida. Pakianza kugeuka peupe, ioshwe papo hapo, kwani ngozi nyeusi ikiungua huacha doa jeusi kuliko lile la mwanzo, likakaa miezi. Ndiyo maana ile ya asilimia 70 inayouzwa mtandaoni hatuitaki kabisa nyumbani.

Wiki moja kabla ya kuambua, acha tretinoini (dawa ya chunusi ya kupaka) na kung'oa nywele za uso kwa nta au uzi. Kwa wiki moja baada ya kuambua, singo isuguliwe mwilini tu. Uso uache, hata liwa ingoje. Paka kinga ya jua, SPF 30 au zaidi, kila asubuhi, na urudie kila saa mbili ukiwa nje. Mwenye vidonda vya homa mdomoni aahirishe.

Krimu ya kung'arisha isiyoandikwa viambato itupe. Nyingine zina zebaki, nayo ni sumu.

Madoa yatapungua, hayatakwisha. Yaliyobaki mwachie mpambaji.