Ukiandika hadithi ya mpiga ramli na mauaji, usimpe jina la muuaji

Hadithi yangu ya kwanza ya aina hii niliirusha kwenye kundi la WhatsApp, sehemu moja kila jioni, shilingi 1,000 kwa anayetaka zote kwa mkupuo. Mji mdogo, mfanyabiashara wa mbao kakutwa amekufa kisimani, na mganga kipofu anayeona kuliko wenye macho. Sehemu ya tatu nikamwinamisha mganga juu ya beseni la maji, akauona uso wa muuaji. Nilijiona fundi. Usiku ule msomaji mmoja akaniandikia: "Kaka, kama ameshaona, polisi wa nini tena?"

Nilikuwa na sehemu 19 zimebaki. Nilizijaza mvua, bundi na milango inayofunguka yenyewe. Watu wakaondoka kundini kimya kimya, mmoja mmoja, kama waliokaa kwenye msiba usio wao.

Ya pili ndiyo iliyouzika. Tofauti yake kubwa ni hii: mpiga ramli hataji jina. Anasema mambo, tena mengine ya kutisha, lakini jina analitaja mwingine. Na hili sikulitoa kitabuni. Nililiona kwa macho yangu nikiwa na miaka kumi na moja, nikalisahau, kisha nikaandika hadithi mbovu nzima kabla ya kulikumbuka.

Tulikuwa tunakaa kwenye mji mdogo wa reli mkoani Tanga. Mjomba alifariki ghafla, asubuhi alikuwa mzima, jioni tunatandika mikeka. Siku chache baada ya maziko mama mkubwa akanichukua nimshikie tochi, tukaenda kwa mganga ng'ambo ya reli. Hakukuwa na fuvu wala radi. Kulikuwa na chumba kinachonuka ubani, tunguri kwenye kona, redio iliyozimwa haraka tulipopiga hodi, na sinia la mchanga.

"Taireni!"

"Taire," tukaitikia.

Akachora nukta mchangani, akafuta, akachora tena. Akakaa kimya mpaka mkono wangu wa tochi ukaanza kutetemeka.

"Ni wa karibu," akasema.

Kimya.

"Wa kike." Mama mkubwa akashusha pumzi. "Amepita mlangoni kwenu na chombo mkononi."

Mtaa mzima ulipita mlangoni kwetu na chombo mkononi. Bomba la maji lilikuwa uani kwetu. Lakini mama mkubwa hakufikiria bomba. Alishaanza kulia, na katikati ya kilio akalitaja jina la jirani yetu, mama muuza vitumbua. Mganga akapitisha kiganja juu ya mchanga, ukawa sawa kama haukuwahi kuguswa.

"Hilo umelisema wewe, binti yangu."

Soma tena mazungumzo hayo. Mganga kasema nini hasa? Hakuna sentensi yake hata moja unayoweza kumshtakia. Hofu yote imetoka kwa mteja, yeye kaifungulia mlango tu. Ukimwandika mpiga ramli wako, mpe maneno machache yenye nafasi pana, halafu wape wahusika wengine kiu ya kuijaza nafasi hiyo. Msomaji naye ataijaza. Atakuwa ameshamhukumu mtu kabla hujaandika ushahidi wowote, na hapo umemkamata.

Jambo la pili nililojifunza ni habari ya masikio. Kwenye mji mdogo habari hupita njia zilezile kila siku: kinyozi, mama lishe wa stendi, bodaboda aliyembeba nani saa ngapi. Chora njia hizo kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Mimi huzichora kweli, kwenye daftari, kwa mishale. Mpiga ramli awe mahali mishale mingi inapokutana, kisha kila anachokiona kwenye mchanga kiwe na njia ya pili ya kukifikia, njia ambayo msomaji makini anaweza kuigundua akirudi nyuma.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni muosha maiti. Kwetu pwani maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, na wao ndio wa mwisho kuuona mwili wote kwenye mwanga. Michubuko wanaiona. Shingo inayolegea isivyo kawaida wanaiona. Na wamefundishwa kusitiri: ulichokiona kwa maiti hukitoi nje. Sasa fikiria mwanamke mwenye siri hiyo kifuani, asiyeweza kwenda polisi kwa sababu ya amana, na ambaye dada yake ni mpiga ramli. Hapo huhitaji bundi.

Wamarekani wanayo kesi ya kweli inayokaribia hii sana. Januari 1897, Wilaya ya Greenbrier, West Virginia, alifariki bibi arusi aliyeitwa Zona Heaster Shue. Mumewe alimvalisha mwenyewe kabla daktari hajafika, akamvika kola ndefu shingoni, na hakutaka mtu aisogelee sehemu hiyo. Wiki chache baadaye mama wa marehemu, Mary Jane Heaster, akasema binti yake amemtokea usiku na kumwambia kwamba mumewe alimvunja shingo. Mwili ukafukuliwa mwezi Februari, shingo ikakutwa imevunjika kweli. Mume akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka huohuo.

Wanaoisimulia hupenda kuishia kwenye mzimu. Mimi hupenda mambo mawili mengine. La kwanza ni ile kola: mama aliiona msibani, kama wenzake walivyoiona, na mama anayemshuku mkwewe halali usingizi. La pili ni mahakamani. Mwendesha mashtaka hakuutaja mzimu hata kidogo. Wakili wa utetezi ndiye aliyeuliza, akitaka mama aonekane ana wazimu. Mama akaeleza kwa utulivu, bila kuyumba, na swali likamrudia aliyeuliza. Chukua mambo hayo mawili uyapande kwenye hadithi yako: kitambaa kisicho mahali pake katika sehemu ya kwanza, na adui anayeileta ramli mahakamani kwa kudhani itamsaidia.

Usielewe kwamba nakuambia ueleze kila kitu. Msomaji wa Kiswahili amezoea upelelezi unaoushinda mzimu. Mwandishi Muhammed Said Abdulla alishaifanya kazi hiyo Unguja na mpelelezi wake Bwana Msa tangu 1960, na alikuwa na sababu zake. Lakini hadithi ya kutisha inataka kitu kimoja kisichofungika. Kimoja. Ukiacha vitano, msomaji ataona umeshindwa kuvifunga. Katika ya pili niliacha hiki: mpiga ramli alijua wimbo ambao marehemu alikuwa akiuimba peke yake jikoni. Nilitafuta mshale wa kumfikishia, nikaupata, nikaufuta.

Kuhusu ramli yenyewe, fanya kazi ya nyumbani. Beseni langu la maji lilinitia aibu, kwa sababu mganga wangu nilimwita mpiga ramli ya mchanga. Mzee mmoja, baba wa msomaji, alinipigia simu kunieleza. Unachora nukta kwa kasi bila kuzihesabu, mistari minne, kisha unafuta mbili mbili hadi kila mstari ubakiwe na nukta moja au mbili. Mistari minne inakupa umbo moja, na maumbo yote ni 16. Kwa mwandishi hiyo ni zawadi, maana mkono unaochora haraka unaweza pia kudanganya haraka. Katika ya pili kuna mtoto anayehesabu nukta, akagundua mganga amefuta mstari mmoja vibaya. Anabaki hajui kama ni bahati mbaya.

Halafu kuna sheria, ambayo waandishi wengi wanairuka na kuikosa hofu iliyomo ndani yake. Tanzania bado ina Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ya enzi za mkoloni. Kenya wana yao ya 1925, ambayo kumtuhumu mtu kwamba ni mchawi ni kosa, isipokuwa umepeleka tuhuma hiyo kwa mamlaka. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, na ndani ya miezi michache waliokamatwa walizidi 200. Polisi wanayo maneno yao: ramli chonganishi. Kwa hiyo mpiga ramli wako akijua ukweli, hawezi kuusema bila kujitia pingu. Naye ana kingine cha kuogopa, maana muuaji anaweza kuanza kuamini kwamba mchanga unamjua.

Mtuhumiwa wako akishakamatwa, tumia mwendo halisi wa kesi. Shauri la mauaji husikilizwa Mahakama Kuu. Mahakama ya wilaya pale mjini linafika kwa kutajwa tu. Mshtakiwa haruhusiwi kujibu lolote, upelelezi haujakamilika, rudini baada ya siku 14. Kutajwa! Lugha imekufanyia kazi. Jina limetajwa kilingeni, sasa linatajwa mahakamani kila wiki mbili, na mji unakaa kwenye mabenchi kuangalia uso wa mtu asiyeruhusiwa kusema. Nilizigawa sehemu za katikati kwa tarehe hizo. Sijawahi kupata mwendo mzuri kuliko huo.

Jambo moja naliomba kama ndugu. Acha kumtia bibi kizee mwenye macho mekundu ili tu msomaji aogope. Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho hayo, na wengi yamekuwa mekundu kwa miaka ya moshi wa kuni na samadi jikoni. Ukimweka, basi mpe jiko lake, mpe wajukuu, na ikibidi afe, kifo chake kiwe na uzito uleule wa kifo cha tajiri wa mbao. Nasema hivi nikijua kwamba katika ile ya kwanza nilimweka mmoja, akapita na bakora yake, sikumpa hata jina.

Mama muuza vitumbua alipika kama kawaida asubuhi iliyofuata. Nilipita stesheni nikienda shule, sinia limejaa, kitambaa juu. Nilirudi mchana, limejaa. Kesho yake hivyohivyo. Hakuna aliyemtukana wala kumrushia jiwe, na mimi nilikuwa na shilingi zangu mfukoni nikavuka barabara. Siku ya tatu hakupika. Kabla mwezi haujaisha nyumba ilikuwa na kufuli.

Mjomba alikuwa na presha ya muda mrefu. Karatasi ya hospitali iliyosema hivyo ilikuwa ndani ya mkoba wa mama mkubwa usiku ule ule. Ilitoka pamoja na noti ya ada ya mganga, mimi ndiye nilimulika tochi akairudisha. Kwa karatasi hiyo ndipo nilipoifungia hadithi ya pili. Hakuna muuaji aliyekamatwa, maana kifo cha kwanza hakikuwa mauaji. Mauaji yalikuja baadaye, ya yule waliyemtaja. Wasomaji watatu walidai warudishiwe hela zao. Niliwarudishia wawili. Wa tatu alinipigia usiku kusema basi, ila nimwambie ule wimbo mpiga ramli aliujuaje.